Ngozi ya Paka Mzee na Hatari ya Dawa za Nyumbani

Paka ameishi na watu wa Afrika ya Mashariki kwa karne nyingi. Katika vichochoro vya Lamu na vya Mji Mkongwe wa Unguja huonekana amelala barazani. Huko bara mkulima humfuga ili alinde ghala la mahindi dhidi ya panya. Paka anayelishwa vizuri na kuepushwa na ajali aweza kuishi miaka 15, na wako wanaofikia 20. Paka wa miaka 15 hulinganishwa na mtu aliyekwisha kupita miaka 70.

Afikapo umri huo, mwenye paka huanza kuona mambo mapya. Manyoya yaliyokuwa yaking'aa hufifia na kushikamana. Mba huonekana mgongoni. Ncha za masikio hupata vidonda. Mnyama hujikuna shingo hata damu ikatoka. Kwa huruma mwenyewe hufungua sanduku la dawa za nyumbani, akampaka paka marhamu iliyonunuliwa kwa ajili ya watoto, au akamvunjia nusu ya kidonge cha maumivu. Siku ya pili paka amelala chini, anahema kwa shida, na fizi zake zimegeuka rangi. Si ugonjwa wa ngozi uliomfikisha hapo, bali ni dawa.

Makala haya yanaeleza kwa nini dawa iliyo salama kwa mtu, hata kwa mtoto mchanga, yaweza kumwua paka, na kwa nini hatari hiyo huzidi paka anapozeeka. Jibu lake limo katika biolojia na kemia ambazo mwanafunzi wa sekondari anazifahamu tayari.

Ngozi katika uzee

Ngozi ni kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini. Huzuia maji yasipotee, huzuia vijidudu visiingie, na hupokea hisia za joto, baridi na maumivu. Paka huitunza ngozi yake mwenyewe kwa kujilamba. Ulimi wake una miiba midogo iliyoelekea nyuma, nayo hufanya kazi ya kitana: huondoa manyoya yaliyokufa, viroboto na uchafu, na kueneza mafuta ya ngozi.

Uzee huiharibu kazi hiyo kwa njia mbili. Kwanza, ngozi yenyewe huwa nyembamba na hupoteza unyumbufu wake; kucha nazo huwa nene, na zisipokatwa huweza kujipinda hata zikachoma nyayo. Pili, paka mzee hushindwa kujikunja. Katika uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2002, picha za eksirei za paka 100 waliozidi umri wa miaka 12 zilionyesha kwamba 90 kati yao walikuwa na maradhi ya viungo. Paka mwenye maumivu ya uti wa mgongo hawezi kuufikia mgongo wake kwa ulimi. Mba na manyoya yaliyoshikamana, basi, huenda visiwe ugonjwa wa ngozi hata kidogo, bali ni dalili ya maumivu ya mifupa.

Hili ni jambo la kwanza la kukumbuka: ngozi ni kioo cha mwili. Aghalabu linaloonekana juu yake limeanzia mahali pengine.

Maradhi yanayoonekana mara nyingi

Yako maradhi ambayo huanzia kwenye ngozi yenyewe. Viroboto ndio adui wa kwanza. Paka wengine huwa na mzio wa mate ya kiroboto, na kuumwa mara chache tu kwatosha kuwatoa vipele vidogo mwili mzima. Utitiri wa aina ya *Notoedres cati* huchimba ngozi ya masikio na uso, ikawa nene yenye magaga. Choa husababishwa na kuvu, hasa *Microsporum canis*, nao huwaambukiza watu. Watoto hupata mabaka ya mviringo mwilini au mapunye kichwani. Paka mzee, ambaye kinga yake imepungua, huweza kuwa na choa kwa muda mrefu bila dalili kubwa.

Ugonjwa mwingine watuhusu sana sisi tunaoishi karibu na ikweta, nao ni saratani ya ngozi iletwayo na jua. Paka mweupe, au mwenye masikio na pua nyeupe, hana rangi ya kumkinga na miali ya urujuanimno. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1971 ulionyesha kwamba hatari ya saratani hiyo kwa paka weupe ni takriban mara 13 ya ile ya paka wa rangi nyingine. Huanza kama wekundu na kigaga kidogo kwenye ncha ya sikio, puani au kwenye ukope. Wengi hudhani ni jeraha la kupigana, wakangoja lipone. Halitapona. Likigunduliwa mapema, daktari wa mifugo huweza kuikata sehemu ya sikio na kumwokoa mnyama.

Tena yako maradhi ya ndani yanayojionyesha kwenye ngozi: kisukari, maradhi ya figo, na kuzidi kwa homoni ya tezi ya thairoidi iliyo shingoni. Ugonjwa huu wa tezi ulielezwa kwa mara ya kwanza kwa paka mwaka 1979 huko New York, na sasa wajulikana kuwa miongoni mwa maradhi makuu ya homoni ya paka wazee. Mgonjwa hula sana lakini hukonda, na manyoya yake huchakaa.

Safari ya dawa mwilini

Watu wengi hufikiri juu ya dawa inapoingia mwilini na kazi inayoifanya. Ni wachache wanaouliza itatokaje. Hata hivyo, dawa isiyotoka hulimbikizana, na dawa iliyolimbikizana ni sumu.

Tuchukue mfano wa bandari. Bidhaa zilizoshushwa melini haziruhusiwi kupita langoni mpaka zigongwe muhuri. Mwilini, ini ndilo ofisi ya muhuri, na figo ndizo lango. Dawa nyingi huyeyuka katika mafuta na haziyeyuki vyema katika maji. Kwa hiyo haziwezi kutoka kwa mkojo zikiwa katika hali hiyo. Ini huzibadili. Njia mojawapo kuu ni kuunganisha molekuli ya dawa na asidi ya glukuroniki, ambayo ini huitengeneza kutokana na glukosi. Kitu kipya kinachopatikana huitwa glukuronidi. Huyeyuka katika maji, na figo hukitoa nje kwa urahisi.

Kazi hiyo ya kuunganisha hufanywa na vimeng'enya. Viko vya namna nyingi, na kila kimoja hushughulikia kundi lake la kemikali. Binadamu anavyo, mbwa anavyo, ng'ombe anavyo. Paka amepungukiwa.

Jeni iliyonyamaza

Wanasayansi walilitambua jambo hili zamani. Mwaka 1958 wanakemia wawili wa Uingereza, Robinson na Williams, waliandika wakiuliza kama paka hutengeneza glukuronidi hata kidogo, kwa kuwa kemikali fulani zilizo rahisi kwa wanyama wengine zilikuwa ngumu kwa paka. Sababu yenyewe ilipatikana baadaye. Mwaka 2000 Michael Court na David Greenblatt wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walionyesha kwamba jeni ya kutengeneza kimeng'enya kimoja muhimu, kiitwacho UGT1A6, imeharibika katika paka. Jeni ipo bado, lakini ina makosa ndani yake, na haitoi kimeng'enya chochote. Jeni ya namna hii ni kama ukurasa wa kitabu ambao herufi zake zimevurugika: ukurasa haukuchanwa, ila hausomeki.

Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta kasoro hiyo katika spishi zote 18 za jamii ya paka zilizochunguzwa, za mwituni na ya nyumbani. Jamii hiyo ndiyo ya simba, chui na duma. Kwa hiyo kasoro ni ya kale sana, nayo haikuletwa na ufugaji.

Kwa nini maumbile yaliiacha kasoro hiyo iendelee? Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni haya. Mimea hujikinga na walaji kwa kutengeneza kemikali nyingi, zikiwamo za kundi la fenoli. Mnyama alaye majani au matunda huhitaji vimeng'enya vya kuziondoa kila siku. Akizaliwa mmoja asiye na kimeng'enya hicho, hudhurika na huenda asiache watoto. Lakini mababu wa paka walikula nyama tu. Jeni yao ilipoharibika hawakupata hasara yoyote, na makosa yakarithiwa kizazi hata kizazi. Kitu kisichotumika hakilindwi na uteuzi wa asili.

Hasara imekuja sasa, baada ya paka kuhamia katika nyumba zetu zenye madawa. Dawa nyingi za kutuliza maumivu na za kuua vijidudu zina umbo la fenoli, au hugeuka kuwa fenoli ndani ya mwili.

Yafaa ieleweke kwamba ini la paka si bovu kwa kila kitu. Limekosa muhuri mmoja. Mihuri mingine linayo. Ndiyo sababu dawa zilizochaguliwa kwa uangalifu humponya paka bila dhara. Lililo kosa ni kumchukulia paka kama mtu mdogo, au kama mbwa mdogo.

Kidonge kimoja

Mfano ulio wazi kuliko yote ni parasetamoli, dawa ya maumivu na homa ipatikanayo katika kila duka. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60 akimeza kidonge cha miligramu 500, hupata kama miligramu 8 kwa kila kilo ya mwili wake. Paka wa kilo 4 akipewa kidonge hicho hicho hupata miligramu 125 kwa kila kilo. Madhara yameonekana kwa paka hata kwa miligramu 10 kwa kilo. Kidonge kimoja chatosha kumwua.

Katika ini la mtu, sehemu kubwa ya parasetamoli hugeuzwa kuwa glukuronidi na kutoka. Katika ini la paka mlango huo umefungwa. Njia ya pili, ya kuiunganisha na salfeti, hujaa upesi. Inayobaki hugeuka kuwa kemikali kali ambayo huharibu chembe za mwili. Chembe nyekundu za damu ndizo hupigwa kwanza, kwa maana hemoglobini ya paka ina vikundi vya salfa 8 vinavyoshambuliwa kwa urahisi, ilhali ya mtu ina 2. Hemoglobini iliyoharibiwa haibebi oksijeni. Damu hugeuka rangi ya kahawia, fizi huwa za samawati au kahawia, uso na miguu huvimba, na mnyama hukosa pumzi. Dawa ya kuizima sumu hiyo ipo, iitwayo asetilisisteini, lakini hufaa ikitolewa mapema.

Hatari iliyo katika marhamu

Mwenye paka aweza kusema: mimi simpi vidonge, nampaka tu. Hapa pana kosa kubwa la pili. Paka hulamba kila kinachowekwa juu ya manyoya yake. Dawa ya kupaka, kwa paka, ni dawa ya kumeza.

Marhamu ya Whitfield, itumiwayo na wengi kwa choa na mapunye, ina asidi ya benzoiki asilimia 6 na asidi ya salisiliki asilimia 3. Paka huziondoa zote mbili kwa shida. Benzili benzoeti, dawa ya upele wa watu, ni sumu kwake. Dawa za kuulia vijidudu zenye fenoli, zile ambazo zikitiwa majini hugeuka nyeupe kama maziwa, humchoma ngozi na ulimi, kisha humdhuru ini.

Permethrini, iliyomo katika dawa nyingi za viroboto vya mbwa, yastahili onyo la pekee. Mbwa huipokea bila taabu. Paka akipakwa tone la dawa kali ya mbwa hutetemeka, hupata degedege, na huweza kufa. Aidha marhamu ya fluorourasili, ambayo madaktari huwapa watu wenye saratani ya ngozi iletwayo na jua, humwua paka kwa kushambulia ubongo. Naye aweza kuipata kwa kulamba mkono wa mgonjwa au bomba la dawa lililotupwa.

Lango la figo

Mpaka hapa tumesema juu ya kasoro ambayo paka huzaliwa nayo. Paka mzee huongezewa ya pili. Figo zake hupoteza vichujio vyake kidogo kidogo, navyo havioti tena. Figo zina akiba kubwa, na kwa hiyo kipimo cha kawaida cha kreatinini katika damu huenda kisionyeshe kasoro mpaka takriban robo tatu ya uwezo wake imekwisha kupotea. Dalili ya mapema huwa ndogo: paka hunywa maji kuliko zamani na hukojoa zaidi.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Paka ni bingwa wa kuficha maradhi. Hivyo paka anayeonekana mzima, mwenye ukurutu tu shingoni, aweza kuwa na ini lisilo na muhuri na lango la figo lililobaki robo. Kiasi cha dawa kilichomfaa alipokuwa na miaka 4 chaweza kumzidia akiwa na miaka 14.

Dawa halali nazo zina madhara

Hata dawa zinazotolewa na daktari wa mifugo kwa haki huhitaji uangalizi. Prednisoloni hupunguza mwasho haraka, na paka huacha kujikuna kwa siku chache. Lakini ikitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu huweza kumletea kisukari, kupunguza kinga ya mwili, na kuifanya ngozi kuwa nyembamba hata ikachanika kama karatasi. Choa kikitibiwa kwa dawa hiyo kwa kudhaniwa kuwa mzio, hustawi. Griseofulvini, dawa ya kale ya choa, huweza kushusha chembe nyeupe za damu za paka wengine, na haifai kabisa kwa mwenye mimba.

Tena liko jambo la ajabu: dawa ya ugonjwa mwingine yaweza kuwa ndiyo chanzo cha ugonjwa wa ngozi. Paka mwenye ugonjwa wa thairoidi hupewa methimazoli. Katika taarifa ya paka 262 waliotibiwa kwa dawa hiyo, iliyochapishwa Marekani mwaka 1988, wachache, chini ya 3 katika kila 100, walianza kujikwaruza uso na shingo vibaya sana. Mtu asiyejua atatafuta viroboto, atabadilisha chakula, ataongeza dawa ya mwasho juu ya dawa iliyoleta mwasho. Tiba sahihi ni kusimamisha dawa ile kwa shauri la daktari na kuchagua njia nyingine. Kuibadili kwa kabimazoli hakufai, maana kabimazoli yenyewe hugeuka kuwa methimazoli mwilini.

Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya paka mzee anayejikuna lisiwe, nimpe dawa gani? Liwe, amekwisha kupewa dawa gani, na lini?

La kufanya

Paka apimwe uzito kwanza. Kilo 3 na kilo 5 ni tofauti kubwa katika hesabu ya dawa. Achunguzwe kwa kitana chenye meno ya karibu. Vichembe vyeusi vinavyoacha rangi nyekundu kwenye pamba iliyoloweshwa ni kinyesi cha viroboto. Daktari wa mifugo atakwangua ngozi na kuitazama kwa hadubini, atapeleka manyoya maabara kutafuta kuvu, na inapowezekana atapima damu na mkojo kabla ya dawa ya muda mrefu. Dawa mpya ianzishwe moja moja. Zikianza mbili pamoja, haijulikani ni ipi iliyoponya na ipi iliyodhuru. Tarehe na kiasi viandikwe. Paka akikataa chakula, akitapika, akitetemeka au fizi zikibadilika rangi, dawa isimamishwe na apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, pamoja na pakiti ya dawa.

Mambo mengine hayahitaji dawa. Paka mzee achanwe manyoya kwa upole, akatwe kucha, awekewe maji safi mahali asipopanda, na paka mweupe afungiwe ndani saa za jua kali.

Zoezi la darasani

Aspirini nayo ni miongoni mwa dawa ambazo paka huziondoa polepole. Nusu yake hubaki katika mwili wa mbwa baada ya saa 8 hivi, lakini katika mwili wa paka baada ya takriban saa 40. Wanafunzi wachore grafu mbili wakianza na vipimo 100 kwa kila mnyama. Baada ya saa 40 mbwa atakuwa amepunguza kwa nusu mara tano, akabakiwa na vipimo 3 tu na kitu. Paka atakuwa bado na 50. Kisha wafikiri mwenyewe amempa paka vipimo 100 kila baada ya saa 8, kama ampavyo mbwa, nao wakokotoe kiasi kilichomo mwilini siku ya tatu.

Grafu itapanda siku baada ya siku. Mwanafunzi aliyeichora kwa mkono wake atafahamu kwa nini mkono wa huruma, usipoongozwa na hesabu, umewaua paka wengi waliokuwa na mwasho tu.